Sumaku kichwani mwa mgonjwa wa sonona: ni salama kwa masharti gani?

Kabla ya tiba yenyewe kuanza, mtaalamu hukikazia macho kidole gumba cha mgonjwa. Mgonjwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, yu macho, hakuchomwa sindano wala kupewa nusukaputi. Masikioni ametiwa viziba sauti. Juu ya kichwa chake, upande wa kushoto, imeegeshwa koili ya waya iliyofunikwa kwa plastiki, yenye umbo la nambari nane. Koili inapiga pigo moja, na kidole gumba cha mkono wa kulia kinaruka chenyewe. Mtaalamu anapunguza nguvu, anapiga tena, anapunguza tena, hadi anapata kiwango cha chini kabisa ambacho kidole bado kinacheza mara tano katika mapigo kumi. Kiwango hicho kinaandikwa kwenye faili. Ndicho kitakachopanga nguvu ya kila pigo atakalopata mgonjwa huyo kwa wiki kadhaa zijazo.

Hivyo ndivyo inavyoanza tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, ambayo madaktari huiita kwa kifupi TMS. Wanaopewa zaidi ni watu wenye sonona ambao dawa hazikuwasaidia, au zimewaletea madhara wasiyoweza kuyavumilia. Hakuna kisu, hakuna kidonge, na mtu akitoka kwenye kiti anaweza kwenda zake kazini siku hiyohiyo.

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa huwa na swali moja kubwa: sumaku yenye nguvu ya kurusha kidole, haitauharibu ubongo? Wana haki ya kuuliza, na jibu lipo, limekusanywa kwa zaidi ya miaka 30. TMS ni miongoni mwa tiba salama za sonona, lakini kwa masharti. Masharti hayo hayakuja yamefungashwa pamoja na mashine. Yaliandikwa baada ya watu kuanguka kifafa wakiwa maabara, na wanasayansi wakakaa kuhesabu kila tukio, kutafuta sababu yake na kuweka mipaka. Leo tiba inapozidi kuwa ya haraka na vifaa vyake kusogea hadi majumbani, kazi hiyo ya kuhesabu na kuweka mipaka inahitajika kuliko wakati wowote.

Umeme usiochubua ngozi

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme kwenye waya ulio jirani. Ubongo nao huendesha shughuli zake kwa umeme, tena mdogo sana, unaopita kutoka neva moja hadi nyingine. Fuvu la kichwa huuzuia umeme kwa kiasi kikubwa, ila sumaku hulipenya bila shida. Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa TMS.

Mwaka 1980, Patrick Merton na H. B. Morton wa London waliweza kuusisimua ubongo kwa kupitisha umeme moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa. Njia ilifanya kazi, lakini iliuma. Miaka mitano baadaye, mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipitia njia ya sumaku. Waliweka koili juu ya eneo la ubongo linaloongoza mikono, wakapiga pigo moja, na misuli ya mkono ikajikunja bila maumivu ya kutajika.

Uga wa sumaku wa koili hizo hufikia takriban tesla 1.5 hadi 2, nguvu inayokaribiana na ile ya mashine nyingi za MRI. Tofauti ni kwamba pigo la TMS hudumu kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde, na nguvu yake hupungua haraka kadiri mtu anavyokwenda mbali na koili. Kwa koili ya kawaida, msisimko huishia sentimita mbili au tatu ndani ya kichwa. Hakuna mionzi ya aina ya eksirei, wala hakuna kitu kinachobaki mwilini mashine ikizimwa.

Kutoka kwenye mkono hadi kwenye huzuni hapakuwa mbali. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa sonona, eneo la mbele upande wa kushoto, nyuma ya paji la uso, hufanya kazi kwa kusuasua. Mwaka 1995 Mark George na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, Maryland, walichapisha jaribio dogo la wagonjwa sita waliopigwa mapigo ya kila siku katika eneo hilo. Baadhi walipata nafuu kubwa. Mwaka 1996 kundi la Alvaro Pascual-Leone likatoa matokeo yake katika jarida la Lancet. Kufikia Oktoba 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imeruhusu mashine ya kwanza ya TMS itumike kutibu sonona.

Mapigo yalipozidi

Kabla ya ruhusa ya FDA kulikuwa na kazi isiyosimuliwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashine ziliboreshwa zikaweza kupiga mapigo mengi kwa sekunde moja. Watafiti hawakujua ubongo utastahimili kasi gani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, uliolenga hasa kupima usalama, mmoja wa watu waliojitolea, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, alianguka kifafa. Matukio mengine yakaripotiwa kutoka maabara nyingine.

Sababu ilieleweka taratibu. Mapigo yakiwa makali, ya kasi, na yakifuatana kwa misururu isiyoachiana nafasi ya kutosha, msisimko haukai mahali pake. Huanza kusambaa. Watafiti waliweza hata kuuona ukisambaa: mapigo yaliyolenga misuli ya kiganja yalianza kuchezesha misuli ya mkono wa mbele, kisha ya bega. Hiyo ilikuwa dalili kwamba degedege iko njiani.

Juni 1996 wataalamu walikutana Marekani, na mwaka 1998 Eric Wassermann akachapisha mwongozo uliotokana na mkutano huo. Ulikuwa na majedwali yanayosema, kwa kila kiwango cha nguvu, mapigo yaende kwa kasi gani na msururu mmoja udumu kwa sekunde ngapi. Machi 2008 walikutana tena Certosa di Pontignano, nyumba ya zamani ya watawa karibu na Siena, Italia. Mwongozo mpya ulitoka mwaka 2009 chini ya uongozi wa Simone Rossi. Walirudi Siena Oktoba 2018, na toleo la tatu likachapishwa mwaka 2021.

Matunda ya mikutano hiyo yanaonekana kwenye kila kliniki. Katika tiba ya kawaida iliyoruhusiwa mwaka 2008, koili hupiga mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, kisha hunyamaza kwa sekunde 26. Huendelea hivyo kwa dakika 37 na nusu, mpaka mapigo 3,000 yatimie. Mgonjwa anayetazama saa anaweza kudhani muda unapotezwa. Sekunde zile 26 ndizo zinazoupa ubongo nafasi ya kutulia, na ni sehemu ya tiba sawasawa na mapigo yenyewe.

Hesabu ya walioanguka

Tangu mipaka iwekwe, kifafa kimekuwa tukio la nadra. Utafiti mkubwa wa majaribio ulioongozwa na John O'Reardon, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuwa na wagonjwa 301 katika vituo 23. Hakuna aliyeanguka kifafa. Lakini tukio la nadra haliwezi kupimwa kwa watu 301, ndiyo maana hesabu za baadaye ni muhimu zaidi.

Wassermann na wenzake walizihoji maabara na kliniki kuhusu kazi yao ya miaka ya 2012 hadi 2016. Majibu yaliyopatikana yalihusu vikao 318,560, na ndani yake watu kuanguka kifafa mara 24. Zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea mgonjwa alipokutana na mashine kwa mara ya kwanza. Hapo kuna somo kwa kliniki yoyote: siku ya kwanza ndiyo ya kumkaa mgonjwa karibu.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa Marekani, ulijumlisha vikao 586,656 vya wagonjwa 25,526. Walioanguka kifafa walikuwa 18. Kwa hesabu ya haraka, ni takriban mgonjwa mmoja kati ya 1,400 waliopewa tiba hiyo. Takwimu hizi zinatoka kwa kliniki zilizokubali kujibu, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, bupropion, dawa ya sonona inayotumika sana Marekani, hutajwa kwenye maelezo yake rasmi kwamba ikitolewa kwa kipimo cha juu huweza kusababisha kifafa kwa watu wapatao wanne kati ya 1,000.

Anayeanguka kwa TMS huanguka akiwa kwenye kiti, wakati wa mapigo au punde baada yake, mbele ya watu wanaopaswa kujua la kufanya. Mashine huzimwa, mgonjwa hulazwa ubavu, shati hulegezwa shingoni, hakuna kinachotiwa mdomoni, na kwa kawaida degedege hukoma yenyewe. Tukio la namna hiyo halimfanyi mtu awe mgonjwa wa kifafa. Mara nyingi zaidi, anayepoteza fahamu kwenye kiti hicho amezirai tu kwa hofu au njaa, na mtaalamu asiyejua kutofautisha kuzirai na kifafa anaweza kumnyima tiba mtu aliyestahili kuipata.

Kinachowapata wengi

Madhara ya kawaida ni madogo kuliko hofu. Mapigo ya koili husikika na kuhisiwa kama kigogota anayetoboa mti, na wengi huyaona kero katika siku za mwanzo. Katika utafiti wa O'Reardon, zaidi ya theluthi moja ya waliopata tiba halisi walilalamika maumivu ya ngozi ya kichwa mahali koili ilipowekwa. Maumivu ya kichwa nayo ni ya kawaida, na aghalabu hutulizwa na parasetamoli. Watu wengi huyazoea ndani ya wiki ya kwanza. Katika utafiti huo, walioacha kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 4.5 kwa tiba halisi na asilimia 3.4 kwa mashine ya bandia ya kulinganishia, tofauti ndogo kabisa.

Sauti inahitaji uangalifu zaidi ya inavyodhaniwa. Kila pigo hutoa mlio mkali wa ghafla unaoweza kudhuru usikivu, na mlio huo hurudiwa maelfu ya mara kila siku. Kumwekea mgonjwa viziba masikio ni sharti, na mtaalamu anayeshinda karibu na mashine kutwa nzima anapaswa kuvaa vyake.

Kuna pia hatari ya mgonjwa kuvuka kutoka huzuni hadi upande wa pili: furaha iliyopita kiasi, kukosa usingizi, kutapanya fedha, kusema bila kituo. Ni hatari inayofahamika hata kwa dawa za sonona, hasa kwa watu wenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka. Mapitio ya majaribio 53, yaliyochapishwa mwaka 2008, yaliona hali hiyo kwa asilimia 0.84 ya waliopata TMS na asilimia 0.73 ya waliopata tiba ya bandia. Ni karibu sawa, lakini familia inapaswa kuelezwa dalili za kuangalia.

Hofu nyingine hutokana na kuichanganya TMS na tiba ya zamani ya umeme, ile ambayo mitaani huitwa kupigwa shoti. Tiba hiyo ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Humo, degedege ndiyo tiba yenyewe: huletwa kwa makusudi, siku hizi mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi na misuli yake imelegezwa. Bado ni tiba yenye nguvu kuliko zote kwa sonona kali, hasa kwa mgonjwa aliyeacha kula au anayesikia sauti, lakini inaweza kumpotezea mtu baadhi ya kumbukumbu. TMS hukimbia degedege, na majaribio yake hayajaonyesha kwamba inapunguza kumbukumbu.

Usalama bila faida haumsaidii mgonjwa, na faida ya TMS ni ya kweli ingawa haiko sawa kwa kila mtu. Utafiti uliogharamiwa na serikali ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 190 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwaponya, ulionyesha asilimia 14.1 walitoka kabisa kwenye dalili kwa tiba halisi, dhidi ya asilimia 5.1 kwa tiba ya bandia. Mwaka 2015 taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, ilipitia ushahidi ikaona hakuna tatizo kubwa la usalama, na kwamba tiba inafaa kutumika hata kama mwitikio wa wagonjwa hutofautiana.

Wasiofaa kuketi hapo

Katazo lililo wazi kuliko yote linahusu chuma. Sumaku huweza kukivuta, kukipasha moto au kukiharibu kifaa chochote cha metali kilicho ndani au karibu na kichwa. Mtu mwenye klipu ya kubana mshipa wa damu kichwani, mwenye vipande vya risasi au bomu kwenye fuvu, au mwenye kifaa cha usikivu kilichopandikizwa sikioni, kama vile vilivyoanza kupandikizwa kwa watoto katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, hapaswi kupewa TMS. Aliyewekewa betri ya moyo anahitaji uamuzi wa daktari wa moyo kwanza. Meno ya kawaida yaliyozibwa hayana shida.

Kundi la pili ni la wale ambao ubongo wao uko karibu zaidi na degedege: wenye kifafa, waliowahi kupata kiharusi au jeraha kubwa la kichwa, na wenye uvimbe kwenye ubongo. Kwao mlango haujafungwa kabisa, ila hatari hupimwa mmoja mmoja.

Kundi la tatu hubadilika siku hadi siku, na ndilo linaloponyoka kirahisi. Aliyekesha msibani usiku kucha hana ubongo uleule aliokuwa nao jana. Aliyelewa juzi akaacha pombe ghafla, aliyesitisha vidonge vya usingizi bila ushauri, anayemeza tramadol kwa mazoea, anayetumia clozapine, au aliyeandikiwa mefloquine kwa ajili ya malaria, wote wameshusha kizingiti cha degedege bila kujua. Katika jaribio la mwaka 2015 la aina ya koili inayofika ndani zaidi, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 200, mtu pekee aliyeanguka kifafa alikuwa amekiuka masharti ya utafiti. Kwa hiyo maswali ya siku ya kwanza hayatoshi. Umelala? Umekunywa? Umebadilishiwa dawa? Yanapaswa kuulizwa kila siku kabla koili haijawashwa, na inapobidi kidole gumba kipimwe upya.

Kutoka wiki sita hadi siku tano

Kwa miaka mingi lawama kubwa dhidi ya TMS haikuwa hatari yake bali muda wake: kwenda kliniki siku tano kila wiki, kwa wiki nne hadi sita. Mwaka 2018 timu ya Kanada iliyoongozwa na Daniel Blumberger ilichapisha utafiti wa wagonjwa 414. Ulilinganisha kikao cha dakika 37 na nusu na njia mpya inayopiga mapigo 600 kwa mafungu ya haraka, na kumaliza kwa dakika tatu tu. Matokeo yalikuwa sawa, na usalama ulikuwa sawa, ingawa kikao kifupi kiliuma zaidi kidogo.

Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Nolan Williams, kilikwenda mbali zaidi. Wagonjwa walipigwa picha ya MRI ili kupata sehemu halisi ya kulenga kwa kila mmoja, kisha wakapewa vikao kumi kwa siku, kwa siku tano mfululizo. Kila kikao kilikuwa na mapigo 1,800, yaani mapigo 90,000 kwa wiki moja. Katika jaribio lililochapishwa rasmi mwaka 2022, asilimia 79 ya waliopata tiba halisi walitoka kwenye dalili, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata tiba ya bandia. Hakuna aliyepata madhara makubwa. FDA iliiruhusu njia hiyo Septemba 2022.

Kwa mgonjwa anayefikiria kujiua, siku tano badala ya wiki sita zinaweza kuyaokoa maisha. Matumaini hayo ni halali. Lakini jaribio hilo lilikuwa na watu 29. Ikiwa tukio humpata mmoja kati ya 1,400, jaribio la watu 29 haliwezi kulikanusha wala kulithibitisha. Njia za haraka zinahitaji kuhesabiwa upya, kwa maelfu ya wagonjwa, kama zilivyohesabiwa zile za polepole.

Betri kichwani, bila daktari

Kuna ndugu mdogo wa TMS anayezua maswali mengine kabisa. Huitwa tDCS: elektrodi mbili zenye unyevu huwekwa kichwani, na umeme hafifu wa miliampea 1 hadi 2 hupitishwa kwa dakika 20 au 30. Umeme huo hautoshi kurusha hata kidole. Hugeuza kidogo tu utayari wa neva kufanya kazi. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba athari yake inaweza kupimika.

Upande wa usalama una habari njema. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyoongozwa na Marom Bikson yalikusanya vikao zaidi ya 33,000 vilivyofuata taratibu za kawaida, na hayakukuta hata jeraha moja la kudumu. Wengi huhisi mwasho na wekundu wa ngozi. Elektrodi ikikauka, hata hivyo, inaweza kumuunguza mtu. Na katika utafiti wa São Paulo, Brazil, wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 245, wawili wa kundi la tDCS walivuka kwenda kwenye furaha ya kupita kiasi.

Upande wa manufaa, ushahidi unagongana. Utafiti huo wa Brazil haukuweza kuonyesha kwamba tDCS inalingana na dawa ya escitalopram. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 160, haukuona tofauti kati yake na tiba ya bandia. Mwaka 2024, utafiti wa Uingereza na Marekani uliowapa watu 174 vifaa vya kutumia nyumbani kwa wiki kumi ulipata tofauti nzuri, huku watafiti wakiwafuatilia kwa video.

Urahisi wa kifaa ndio mtego wake. Kwa kuwa betri ndogo na nyaya mbili zinatosha, watu wengi Ulaya na Marekani wameanza kujitengenezea wenyewe. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi liliwaandikia barua ya wazi. Waliwaambia kwamba umeme hausimami chini ya elektrodi pekee bali huenea, kwamba kuongeza muda au nguvu kunaweza kugeuza matokeo badala ya kuyaongeza, na kwamba mabadiliko mengine yanaweza kudumu. Zaidi ya hapo, mtu mwenye sonona kali anayejitibu peke yake chumbani hana wa kumwona akizidiwa.

Maswali ya Mahenge

Afrika si mgeni katika sayansi hii. Eman Khedr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Assiut, Misri, wamekuwa wakichapisha tafiti za TMS kwa miaka mingi. Lakini hesabu kubwa za usalama zilizotajwa hapa zinatokana zaidi na wagonjwa wa Marekani na Ulaya. Je, zinahamishika zilivyo hadi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala?

Historia ya kifafa katika ukanda huu inatoa sababu ya kusita. Mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kwenye milima ya Ulanga mkoani Morogoro, baada ya kukuta kifafa kimetapakaa katika familia nyingi. Watafiti waliomfuata wamekihusisha kwa sehemu kubwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wa mitoni. Kwingineko katika ukanda huu kifafa hutokana na mabuu ya tegu wa nguruwe wanaojikita kwenye ubongo, na malaria kali ya utotoni, na majeraha ya wakati wa kuzaliwa. Siku hizi kuna ajali za bodaboda, zinazoacha vijana wengi na makovu ndani ya fuvu.

Vyanzo hivyo vyote vinamaanisha kwamba kati ya wagonjwa wa sonona wa hapa, watakaokuwa na ubongo unaokaribia degedege huenda wakawa wengi kuliko waliohesabiwa Marekani. Na kuna tatizo la pili. Uchujaji hutegemea ukweli wa mgonjwa, ilhali kifafa kimefungamana na aibu. Wapo wanaoamini kwamba povu la aliyeanguka huambukiza; wapo waliofukuzwa shule au kuachwa na wachumba. Mtu wa namna hiyo akiulizwa mbele ya shemeji zake kama amewahi kuanguka, atajibu hapana. Muuguzi anayejua mazingira atamuuliza faraghani, ataulizia degedege za utotoni, na atamtafuta mama au bibi aliyemlea.

Wala TMS haipaswi kuruka foleni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona, na kwamba zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Wengi wa wenye sonona hawajawahi kupewa hata fluoxetine au amitriptyline, dawa za bei nafuu zilizomo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, wala kuketi na mshauri aliyefunzwa. Mashine ya sumaku ni kwa wale waliopitia hatua hizo bila kupona. Hao nao wapo, katika wodi za hospitali za akili za Mirembe, Mathari na Butabika, na wanastahili tiba inayoweza kuwafaa.

Kwa familia itakayopelekewa ushauri wa TMS, mahali popote, maswali ya kuuliza yanajulikana. Nani atakayeketi na mgonjwa muda wote mashine inapofanya kazi? Kiwango chake kitapimwa kwa kidole gumba, au nguvu itakisiwa? Akianguka, nani atamhudumia, na dawa ya kukomesha degedege ipo chumbani? Kliniki imewatibu wangapi, na wangapi wameanguka? Kliniki makini huwa na namba hizo.

Mamlaka nazo zina sehemu yao. Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya na Uganda zina mamlaka zao. Kukagua mashine inapoingia bandarini ni hatua ya mwanzo tu. Kinachokosekana kwa urahisi ni daftari la pamoja, ambamo kila kituo kitaandika idadi ya vikao, aina ya mapigo, dawa alizokuwa akitumia mgonjwa, na kila tukio la kuzirai au kifafa. Likianzishwa wakati mashine bado ni chache, madaktari wa ukanda huu watakaotaka kujua hatari ya mgonjwa aliyekulia Mahenge watakuwa na hesabu yake mezani, na hawatalazimika kuikisia kutokana na wagonjwa wa Philadelphia au Toronto.